Siméon Syauswa na Mlango wa Kahongya

Siméon Syauswa alijiwekea kanuni moja kazini, na kwa miaka sita hakuivunja: nyumba ambamo watu wanalala, yeye haingii kukagua kitu mpaka awe na karatasi ya ruhusa ya upekuzi mkononi, au mwenye nyumba amkaribishe kwa hiari yake. Depo aliingia. Uwanja wa kuanikia aliingia. Lori alipanda, akalichoma gunia kwa mrija wake wa chuma na kutoa zile mbegu za katikati ambazo wafanyabiashara hupenda kuzificha. Lakini akiona kitanda alisimama kizingitini, akavua kofia, akauliza. Akikataliwa, alisema "wasingya", asante ya Wanande, akaenda zake.

Alikuwa mkaguzi wa kakao katika mji mdogo wa Oicha, mtumishi wa idara ya serikali inayosimamia ubora wa mazao. Mke wake, Emérence, alibaki Butembo na duka dogo la vitambaa. Siméon alikaa Oicha juma zima katika chumba cha kupanga, na Jumamosi alipanda pikipiki kurudi nyumbani.

Sheria aliyopewa kuisimamia ilikuwa fupi: ni marufuku kununua kakao mbichi. Sababu yake kila mkulima aliijua. Mwenye shamba huvuna, huzifunika mbegu kwa majani ya migomba siku tano au sita mpaka zichachuke, halafu huzianika jua la juma zima. Mwizi hana siku hizo zote. Mwizi huuza alfajiri, gunia likiwa bado linavuja maji. Kwa hiyo anayenunua kakao mbichi ndiye anayemlisha mwizi, na sheria ilimlenga yeye.

Shida ilikuwa mahali penyewe. Baada ya miaka ya mauaji na kukimbia, hakuna mtu Oicha aliyeacha kakao yake nje. Watu walilala nayo. Vikapu vilichachuka chini ya vitanda, turubai zilitandazwa sebuleni, na watoto walijifunza kupita pembeni bila kukanyaga mbegu. Mkaguzi aliyetaka kuiona kakao ya Oicha yote ilimbidi akague vyumba vya kulala.

Kanuni yake aliipata nyumbani kwa mzee Maliro. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza pale. Jirani mmoja alishitaki kwamba Maliro anaficha kakao mbichi, na Siméon akaenda na askari wanne, maana wakati huo hakuona ubaya. Chini ya kitanda walikuta beseni moja. Siméon akaketi mezani kuandika PV, ile karatasi ya makosa. Nyuma yake askari walikuwa wanatoa redio, kisha mbuzi wawili, kisha godoro. Alisikia kila kitu. Aliendelea kuandika.

Mzee Maliro alipoletewa karatasi atie kidole, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwana wangu, na matela uliandika?"

Godoro halikuandikwa popote. Beseni la kakao liliandikwa kwa wino mweusi, likapigwa muhuri, na jina lake Siméon likakaa chini yake. Toka siku hiyo hakuingia tena nyumba ya mtu na kundi nyuma yake.

Watu walichelewa kuamini, lakini waliamini. Wanawake walianza kumwita wenyewe. "Papa Siméon, ingia uone kama inakauka muzuri." Akavua viatu, akaingia, akapima unyevu kwa kile kimashine chake, akawaonyesha namna ya kugeuza mbegu. Kwa njia hiyo alijua hali ya kakao ya Oicha kuliko wakaguzi wote waliomtangulia, ambao waliingia kwa mateke.

Mwezi wa kumi na moja, Alhamisi asubuhi, Kaswera alifika ofisini kwake akiwa na matope mpaka magotini. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitano, mtu asiyependa kusumbua wengine. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Papa Siméon, balininyanganya."

"Nini, Mama Kaswera?"

"Kakao. Masakoshi ine, yote. Ilikuwa ku siku ya tatu mu majani."

Siméon aliweka kalamu chini. Alijua magunia yale manne yalitoka wapi. Shamba la Kaswera lilikuwa upande wa msitu, mahali ambapo watu walikuwa hawaendi tena tangu mwaka uliopita. Wanawake sita walikuwa wamekubaliana kwenda pamoja, asubuhi nne, kila mmoja akivuna huku mwenzake anasikiliza. Waliopata kuvuna walirudi na mizigo imening'inia kwenye paji la uso, wakitembea karibu mbio. Kaswera alikuwa na sababu moja ya kwenda. Binti yake, Hadassa, alikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya wauguzi Butembo, na mavuno hayo ndiyo yangemfikisha kwenye mtihani wa serikali.

"Unamujua mwizi?"

"Mwizi simujui. Mais fasi iko, najua. Inavuja njia yote. Nilifwata manzi."

Ni kweli: mwizi hakujulikana, lakini mahali palijulikana. Siméon alitoka naye, na hakuhitaji macho makali. Maji matamu ya kakao yalikuwa yamedondoka kutoka uani kwa Kaswera, yakapita nyuma ya kanisa, yakavuka barabara kuu, na juu ya kila tone nzi walikuwa wamekusanyika. Walifuata nzi mpaka nyumba ya matofali yenye mlango wa bati, kwa mnunuzi aitwaye Kahongya.

Mwezi wa tisa nyumba ile ilikuwa depo. Siméon mwenyewe aliikagua: mizani, magunia, kalenda ukutani, basi. Sasa nguo za mtoto zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Mke wa Kahongya, Joyeuse, alikuwa anamwogesha mtoto kizingitini. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi nusu, kilionekana kitanda cha mbao cha watu wawili na chandarua chake. Harufu ilikuwa inatoka humo ndani, kali kama siki.

Kahongya alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai na mkate. Hakuinuka.

"Mukaguzi wetu wa adabu. Karibu. Utakunywa chai?"

"Wasingya, nilikunywa. Kahongya, hapa ilikuwa depo."

"Ilikuwa. Siku hizi bezi banazidi mu mji, mutu anapashwa kulala na bintu yake." Alimtazama Kaswera kidogo, akarudisha macho kwenye kikombe. "Sasa ni nyumba. Iko bibi, iko mutoto, iko kitanda. Andika ile yote."

"Kakao mbichi inanuka mpaka hapa."

"Ni mutoto alijikojolea," Kahongya alisema, na majirani wawili waliokuwa wamesogea wakacheka, ingawa hawakupenda kucheka.

Siméon aliuliza, kofia mkononi, kama angeweza kuingia. Kahongya alikataa kwa upole sana. Alisema angependa, lakini bibi yake bado ananyonyesha, si heshima mwanaume mgeni kuingia chumbani. Na hapo Siméon alitambua kwamba mtu huyu alikuwa ameisoma kanuni yake vizuri kuliko yeye mwenyewe alivyoisoma. Hakikuwa kitanda cha uongo. Joyeuse alilala juu yake kweli, na mtoto kweli. Kahongya alikuwa amechukua kitu kilichowalinda watu kama Maliro, akajifunika nacho.

Watu waliongezeka. Mwishowe alifika ajida Léon, mkuu wa kituo cha askari cha barabarani, na vijana wake watatu. Alikuwa mtu wa mkoa wa Equateur, mrefu, aliyechoka na mji huo lakini si mbaya. Alisikiliza kisa, akanusa hewa, akacheka.

"Vieux, tokota," alisema, akichanganya Kifaransa na Kilingala: mzee, tuingie. "Dakika mbili. Mama anabeba kakao yake, siye tunaenda, basi."

"Hapana, mon adjudant."

"Juu ya nini? Iko mule. Hata pua yangu inaona."

"Nyumba ya mutu. Inaomba mandat ya parke." Mandat ndiyo ile karatasi ya upekuzi, na parke ni ofisi ya waendesha mashtaka, iliyokuwa Beni.

"Mandat," Léon alirudia, kama mtu aliyeambiwa asubiri theluji. "Donc mwizi ana mlango, na weye una heshima."

Kaswera alisogea mpaka mbele ya Siméon, karibu hata akalazimika kuinua uso.

"Papa Siméon. Baaskari banakubali. Ni weye mumoja njo unakataza."

"Mama, bakiingia hapa leo na miye nyuma yao, kesho bataingia kwako. Sitakuwa tena na neno la kuwaambia."

"Kwangu kuko nini sasa?" Kaswera aliuliza. "Bakuje. Bataona kitanda na beseni. Nilipita ku ule musitu mara ine, Papa Siméon. Mara ine."

Hakuna aliyecheka safari hii. Siméon alifahamu kwamba angeweza kusema neno moja tu, hata kutikisa kichwa, na mlango ule ungefunguka, na mama huyu angeondoka na magunia yake. Alifahamu pia ni nani angekuwa wa kwanza kulipa: si Kahongya, ambaye ana ndugu mjini na wakili Beni, bali bibi yeyote, tuseme wa nyumba ya tatu kutoka pale, mwenye kikapu chini ya kitanda, siku ambayo ajida mwingine, mwenye njaa kuliko Léon, atasema kwamba mkaguzi Syauswa mwenyewe aliingia hivi hivi. Lakini bibi wa nyumba ya tatu hakuwepo pale. Kaswera ndiye aliyekuwepo.

"Hapana," alisema.

Léon aliinua mabega, akaondoka na vijana wake. Kahongya akamwaga masalio ya chai chini.

Siméon alifanya kila kilichokuwa ndani ya uwezo wake. Aliandika PV akiwa amesimama, akataja njia ya matone, nzi, harufu, na mwezi wa tisa wakati nyumba ilikuwa depo. Kahongya aliitia sahihi kwa mbwembwe, maana haikusema kwamba kuna aliyeona kakao. Kisha Siméon akaenda kwenye kizuizi cha barabara na kutoa amri, na hiyo aliweza kuitoa: hakuna gunia la Kahongya litakalotoka Oicha bila kupita kwenye mizani yake. Halafu akapanda pikipiki kwenda Beni.

Kwenye parke alimkuta karani aitwaye Élise, mwanamke kutoka Kasai, aliyeisoma PV mara mbili.

"Papa, hii ni nzuri kupita zile za polisi. Mais mimi sisaini. Mwenye kusaini yuko Butembo kwa kesi za wiki hii."

"Anarudi lini?"

"Lundi. Mais lundi ni ville morte, unajua. Hakuna ofisi itafungua."

Siméon alijua. Mashirika ya kiraia yalikuwa yametangaza Jumatatu hiyo kuwa siku ya mji mfu, kulilia watu waliouawa mwezi huo. Maduka, shule na ofisi za Beni na Butembo zote zingefungwa, na vijana wangeweka mawe barabarani. Hakuweza kulalamika. Watu wale walioliliwa, wawili aliwafahamu.

Ijumaa alifika Butembo na dosie, lile faili la kesi, ndani ya koti. Aliambiwa mwendesha mashtaka yuko mahakamani, kisha yuko kikaoni, kisha ameshatoka. Jumapili alimpata nje ya kanisa, baada ya misa ya pili, akiwa na suti ya kijivu na mtoto wake mdogo mkononi. Siméon aliomba radhi, akaeleza, akatoa karatasi.

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu.

"Monsieur Syauswa, nakuelewa. Mais dosie haijaandikwa mu registre ya Beni. Na sisaini mandat mu uwanja wa kanisa. Nikianza kusaini Jumapili kwa mutu muzuri, Jumapili ingine atakuja mubaya."

Siméon alikunja karatasi, akairudisha kotini. Alitaka kukasirika, akatafuta mahali pa kuishikia hasira yake, hakupata. Angekuwa yeye kwenye ile suti angesema maneno hayo hayo.

Nyumbani Emérence alimpakulia ugali na sombe, majani ya muhogo, akamsikiliza. Alikuwa amemjua miaka ishirini na mitano, na hakuwa na desturi ya kumpamba.

"Ulikutana na ndugu yako ya tumbo moja," alisema. "Sasa Kaswera atakula nini, adabu yenu mubili?"

"Ungefanya nini weye?"

Emérence alifikiri. "Ningeingia," alisema. "Na mwaka unaokuja ungenisikia nalia juu ya kuingia. Mais ningeingia."

Jumatatu barabara ilifungwa. Siméon alikaa nyumbani, akasikiliza mji uliokuwa kimya. Jumamosi mvua kubwa ilikuwa imenyesha Oicha. Aliisikia habari hiyo kwa simu, akajua matone na nzi vimekwenda na maji.

Jumanne, kabla ya saa tano, karatasi iliandikwa katika daftari la Beni, ikasainiwa. Siméon alirudi Oicha nyuma ya pikipiki, na polisi mmoja wa parke kwenye pikipiki nyingine. Kaswera alikuwa anawangoja kando ya njia. Hakuwa peke yake. Wale wanawake watano wa msituni walikuwa naye.

Kahongya aliwafungulia mlango wote, wazi kabisa. "Ingieni. Leo muko na karatasi."

Joto la ndani liliwapiga usoni. Babula tano, majiko yale ya makaa, zilikuwa zimepangwa kuzunguka kitanda, tatu bado zinawaka. Turubai ilikuwa imetandazwa ukuta hadi ukuta, na juu yake kakao, nyingi, kahawia, inagongana kama kokoto mtu akiigusa. Joyeuse alikuwa amelala uani na mtoto usiku wa siku tatu, kwa sababu ya moshi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakumtazama mume wake.

Siméon alipiga goti. Alijaza kimashine mbegu, akangoja. Sheria ilikubali unyevu wa nane kwa mia. Kimashine kilisema saba na nusu. Alimwaga, akachukua mbegu za pembeni, kisha za chini ya kitanda ambako moto haukufika vizuri. Saba nukta nane. Nane kamili.

"Soma kwa sauti, mukaguzi," Kahongya alisema. "Bamama basikie."

Siméon alisoma kwa sauti. Alisema kwamba kakao hii ni kavu. Na kununua au kuuza kakao kavu si kosa.

"Ile ni yangu," Kaswera alisema.

"Mama, masakoshi yako yalikuwa na alama?" polisi aliuliza.

"Nilifunga na kipande ya kitenge. Ya rangi ya maji."

Walitafuta. Magunia ya Kahongya yote yalikuwa mapya. Kama kipande cha kitenge kilikuwepo, kilikuwa kimeshaingia katika babula siku nyingi. Polisi aliuliza kama kuna shahidi aliyeona mtu amebeba, hakuna. Aliuliza njia ya matone iko wapi. Walitazama wote barabara iliyooshwa. Aliandika mistari minne, akafunga daftari. Wizi ulikuwa kazi yake yeye, si ya Siméon, na kwa upande wake ulikuwa umeishia hapo.

Siméon hakuinuka. Alitoa kisu chake kidogo, akahesabu mbegu hamsini, akazikata moja moja na kuzipanga kwenye ubao. Akainua kila nusu puani. Chumba chote kilikuwa kinamngoja, na yeye hakuwa na haraka. Kisha alisema:

"Inanuka moshi."

"Kakao yote inanuka kitu," Kahongya alisema.

"Ya jua hainuki moshi. Hii haitakwenda ng'ambo. Naiandika daraja la mwisho."

Kwa mara ya kwanza Kahongya alisimama wima. Daraja la mwisho hakuna kampuni ya Beni wala Butembo ingeligusa. Angebaki na mzigo huo, aumwage kwa wachuuzi kwa bei ya kutupa. Alimshika Siméon mkono, akamvuta pembeni, sauti imebadilika. "Papa Siméon. Tuongee kama batu bazima. Hapana kuniua."

"Ningeandika hivi hata kama ingekuwa ya ndugu yangu," Siméon alisema, na ilikuwa kweli. Akapiga muhuri.

Alipotoka nje, alidhani labda Kaswera angeona kwamba kuna kitu kimefanyika. Kaswera alikuwa anatazama muhuri ulivyokauka kwenye karatasi.

"Umemuazibu juu ya moshi," alisema. "Juu yangu, hapana."

Akageuka na wenzake, wakaondoka.

Mambo yaliyofuata hayakuwa na kelele. Kabla ya Krismasi wanunuzi wengine watano waliingiza vitanda katika depo zao, na mmoja alimleta mama yake mzazi alale juu ya magunia. Siméon aliandika ripoti ndefu. Aliomba kwamba kila jengo lenye mizani ya kununulia kakao lihesabiwe depo, hata kama mfalme analala humo, na kwamba mwenye depo atie sahihi kukubali ukaguzi siku anapopewa leseni. Ilikuwa ripoti ya mtu anayejua anachosema. Ilipelekwa Beni, ikasemekana imepelekwa juu zaidi. Jibu halikuja. Mwezi wa pili aliiandika tena, akaituma tena.

Ajida Léon alihamishwa. Aliyekuja baada yake alimwita Siméon siku ya kwanza, akamwambia ana orodha ya nyumba ishirini zinazoshukiwa kuficha kakao mbichi, waende pamoja. Siméon alimwomba mandat ya kila nyumba. Ajida alimtazama, akauliza watu wengine kama huyu mzee ni mzima. Watu walimweleza kisa cha Kahongya: hata pale, na kakao inanuka mpaka barabarani, alikataa. Ile orodha haikutumika. Nyumba ishirini hazikujua kwamba zilikuwa kwenye orodha, na hakuna aliyewahi kuziambia. Siméon mwenyewe hakuwaambia, kwa kuwa hakutaka kushukuriwa kwa kitu kilicholipiwa na mtu mwingine.

Alikwenda kwa Kaswera mara moja, mwezi wa tatu, na bahasha. Hadassa alikuwa amerudi kutoka Butembo na alikuwa uani anaosha sahani. Alimsalimu vizuri, kama msichana aliyelelewa. Siméon alisema angependa kusaidia, ili mtoto arudi shuleni.

Kaswera hakuipokea bahasha. "Franka yako haikuiba kakao yangu," alisema. "Juu ya nini ilipe?"

"Mama, nilifanya vile nilivyoona ni haki."

"Najua. Hakuna mutu anasema hapana." Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulipokea. "Mais weye ulirudia kwako na haki yako. Miye nilirudia na mikono."

Tangu hapo, akileta kakao kupimwa, hamwiti tena Papa Siméon. Humwita Monsieur l'inspecteur, kama wageni wanavyomwita. Siméon hupima, husoma namba kwa sauti, huandika. Amejiuliza mara nyingi kama angefungua mlango ule leo, na kila mara jibu ni lile lile, na kila mara halimpi usingizi mzuri. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa amesababisha hasara. Siméon hajaruhusu la kwanza limfiche la pili.

Kanuni yake iligharimu magunia manne ya kakao ambayo hayakuwa yake, na mwaka mmoja wa shule wa msichana ambaye hakuwa binti yake.